Danganya toto huishia mlangoni mwa MRI

Kuna sentensi ambayo karibu kila mtoto wa Dar es Salaam ameisikia kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi: "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano." Utaisikia kwenye daladala, utaisikia sokoni Tandika, utaisikia kwa bibi ambaye kwa mambo mengine yote hana hata sauti ya kufukuza kuku. Haina gharama na inajibu papo hapo. Mtoto anameza kilio, safari inaendelea. Deni lake hulipwa baadaye, siku mtoto huyohuyo anapotakiwa aingie kwa miguu yake kwenye chumba cha daktari, alale chali, kichwa chake kiwekwe ndani ya kitu kinachofanana na helmeti ya bodaboda, halafu atulie tuli nusu saa nzima huku mashine ikimpigia makelele pande zote.

Kwa familia yetu siku hiyo iliangukia katikati ya masika. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano na nusu. Degedege ilikuwa imemkamata mara tatu bila homa, malaria haikuonekana, na daktari wa watoto, baada ya kumpima umeme wa ubongo, akaandika MRI ya kichwa, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Dada yangu akafanya ambacho mama wengi wangefanya: alimwambia mtoto wanakwenda Kariakoo kununua viatu vya shule. Kutoka Mbagala mpaka mjini uongo ule ulikaa sawasawa. Ulianza kuchechemea tuliposhuka na kupanda bajaji badala ya kuingia madukani, ukafia getini, mtoto alipoona koti jeupe.

Hospitali siitaji, maana kilichotupata pale kingeweza kutupata popote. Mtaalamu wa mionzi alikuwa kijana mstaarabu mwenye foleni ya watu tisa kwenye benchi. Alimbembeleza mtoto kwa muda aliokuwa nao, kama dakika tano. Dada akashika miguu, mimi nikashika mikono, tukamlaza. Kitanda kilipoanza kujisukuma kuingia ndani, mtoto alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naona aibu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na neno "viatu".

"Mama, huyu hatutaweza," kijana akamwambia dada. "Mkapangiwe tarehe ya kumlaza usingizi."

Tarehe ikawa wiki tatu mbele.

Nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyotarajia, na nimefika mahali pa kuamini kwamba tumeliweka kwenye kabati lisilo lake. Kumwandaa mtoto kwa ajili ya MRI tunakuona kama ukarimu, kitu cha hospitali za kulipia zenye vibonzo ukutani na pipi mapokezi. Mimi nasema ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na kuvua saa mlangoni. Mashine inanunuliwa kwa mabilioni ya shilingi, inajengewa chumba maalumu, inapata fundi wake na kiyoyozi chake, halafu kufaulu kwake kwa mgonjwa wa miaka mitano kunaachiwa uhodari wa mama wa kudanganya.

Kwa nini mashine hii inadai utulivu kiasi hicho? Ukimpiga mtoto picha ya simu akatikisa mkono, mkono tu ndio utakaotoka na ukungu, uso utabaki salama. MRI haiko hivyo. Ndani yake kuna sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3, ambayo ni makumi ya maelfu ya mara ya ile nguvu ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Sumaku hiyo inazipanga chembe za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Mawimbi ya redio yanazisukuma, nazo zikirudi mahali pake zinatoa mlio hafifu wa redio, na mlio huo ndio unaonaswa. Sasa sikiliza ajabu yake: kila kipande cha mlio kinachonaswa kimebeba habari ya picha nzima, wala si ya kona moja ya picha. Kompyuta inasubiri vipande vyote vitimie ndipo ichore. Kwa hiyo mtoto akigeuza shingo kwenye dakika ya tatu ya seti ya dakika tano, hajaharibu dakika ya tatu peke yake. Amechafua mtungi mzima. Mstari wa fuvu unajirudiarudia juu ya ubongo kama mwangwi, na kovu la milimita chache ambalo ndilo lililokuwa likitafutwa linapotelea humo. Na kwa kawaida kichwa hakipigwi seti moja. Ni nne, tano, sita.

Mashine hizi hazijawahi kuwa na haraka. Mwaka 1977, Raymond Damadian na wasaidizi wake huko New York walipopata picha yao ya kwanza ya mwili wa mtu aliye hai, kijana aliyekuwa ndani alilazimika kutulia karibu saa tano kwa picha moja ya kifua. Leo ubongo unamalizwa kwa nusu saa, pengine chini ya hapo, pengine dakika 45. Kwa mtu mzima hayo ni maendeleo makubwa sana. Kwa mtoto nusu saa bado ni kama kutoka asubuhi mpaka Idi.

Wapo wanaouliza kwa nini mtoto asipigwe CT scan, ambayo ni ya sekunde chache na siku hizi imefika hadi kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Mara nyingine ndiyo inayofaa, hasa mtoto akianguka akagonga kichwa na jibu likahitajika saa hiyohiyo. Lakini CT inatumia miale ya eksirei, na kwa kutafuta chanzo cha kifafa kwenye tishu za ubongo haioni kwa undani ambao MRI inaona. MRI haina miale hiyo kabisa. Nalisema hili kwa sababu majirani wawili walikuja kumwonya dada kwamba "mionzi itamchoma mtoto ubongo". Siwalaumu. Idara tumeiita ya mionzi, mtaalamu tumemwita wa mionzi, na mlangoni kuna alama ya hatari. Hapo jina limeshamtisha mama, naye mama ameshamtisha mtoto kwa kumkumbatia tu.

Kuna na tishio jingine lisilosemwa kwa sauti. Kupimwa kichwa, mtaani kwetu, si sawa na kupimwa goti. Degedege ina hadithi zake za zamani za ndege na mashetani huku pwani, na kifafa kinafichwa hata kwa ndugu. Mtoto anasikia watu wakinong'ona jikoni. Baadaye sana ndipo tulipogundua kwamba mpwa wangu aliamini ana mdudu kichwani na kwamba mashine ile ilikuwa ya kumtolea. Fikiria uko hapo: umelazwa, kichwa kimebanwa, na unasubiri mdudu atolewe. Hata mimi ningepiga kelele.

Turudi kwenye usingizi, maana hapo ndipo hesabu ilipo. Kumlaza mtoto kwa dawa si kosa, na nitakuja kueleza watoto ambao bila dawa haiwezekani. Tatizo ni kuifanya dawa kuwa jibu la kwanza kwa kila anayelia. Dawa inataka daktari au ofisa wa usingizi, na hao nchini mwetu ni wachache na chumba cha upasuaji kinawagombania. Inataka vifaa vya kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo visivyovutwa na sumaku, na vifaa hivyo ni ghali. Inataka mahali pa mtoto kuamkia na mtu wa kumwangalia anapoamka. Na inataka mtoto afunge: saa sita bila chakula, saa nne bila maziwa ya mama, saa mbili bila hata maji. Hizo ni kanuni za kitabuni. Kwa kuwa hakuna anayejua zamu itafika saa ngapi, mama anaambiwa "asile tangu usiku", mtoto anakula ugali saa mbili usiku na kuingia ndani saa saba mchana. Mtoto mwenye njaa ya saa kumi na saba hahitaji sababu nyingine ya kulia.

Halafu yuko ndani ya bomba. Mtoto aliyelazwa kwa dawa kwenye kitanda cha kawaida unamwona midomo, unaona kifua kikipanda na kushuka. Ndani ya MRI humwoni hivyo, na kelele za mashine zinafunika sauti ya pumzi yake.

Wazazi wenye simu janja wameshasoma kwamba dawa ya usingizi inaharibu akili ya mtoto. Chanzo cha maneno hayo kipo. Desemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa hizi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, lakini onyo lilihusu matumizi ya muda mrefu, zaidi ya saa tatu, au ya mara kwa mara. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliowafuatilia watoto waliopewa usingizi mara moja, kwa muda usiofika saa moja, wakiwa wachanga. Walipotimiza miaka mitano akili zao hazikuwa na tofauti na za wenzao waliofanyiwa upasuaji bila usingizi kamili. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anahitaji dawa asikimbie. Neno la kushika hapo ni "mara kwa mara".

Na wapo watakaorudi mara kwa mara. Tanzania inazaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu (sikoseli) kila mwaka, na selimundu inaweza kuziba mishipa ya ubongo na kuleta kiharusi. Kiharusi kingine huwa kimya: mtoto hapoozi mkono wala mdomo haupindi, ila darasani anaanza kusahau, na MRI ndiyo inayoonyesha makovu yake. Wapo watoto wa vichwa vikubwa wanaotibiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambao mirija yao ya kutoa maji inahitaji kuangaliwa tena na tena. Wapo wa uvimbe. Mtoto wa aina hii akiingia mara ya kwanza kwa kukabwa mikono na mjomba wake, hajashindwa kipimo kimoja. Ameanza miaka kumi ya kukabwa.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tunasema mtoto mdogo hawezi kutulia. Si kweli, na sisi wenyewe ni mashahidi. Nenda barazani Jumamosi jioni utazame mabinti wa miaka minne, mitano, wamekaa katikati ya magoti ya mama zao wakisukwa twende kilioni. Kichwa kimeinamishwa, sikio limekunjwa, kitana kinavuta, na mtoto ametulia. Analia kidogo, anafinywa kidogo, lakini kichwa hakiendi popote. Au tazama watoto wakicheza kombolela. Yule anayeona aibu kusema jina lake mbele ya mgeni amejibana nyuma ya simtanki, mbu wanamla, na hapumui hadi anayetafuta apite. Uwezo wa kutulia anao. Kinachoamua ni kama kutulia kule ni kwake, ni mchezo anaoujua mwanzo na mwisho wake, au ni jambo analofanyiwa na watu waliomdanganya.

Aliyetufumbua macho ni jirani yetu, nesi aliyefanya kazi wodi ya watoto mpaka akastaafu. Alimsikiliza dada akilalamika, akauliza swali moja: "Mwanangu, ulimwambia mnakwenda wapi?" Dada akanyamaza. "Basi anza hapo. Mwambie yote, na kelele usimfiche. Halafu mkacheze nayo nyumbani."

Tukacheza nayo. Uvungu wa kitanda cha dada ndio ulikuwa bomba. Mtoto alilala chali kwenye mkeka, tukauvuta mkeka taratibu mpaka kichwa na mabega yakaingia uvunguni, kanga ikaning'inizwa pembeni. Kichwani tulimwekea kikapu kidogo cha plastiki. Kelele tulizitoa kwenye simu, maana sauti za MRI zimejaa mtandaoni bure, na kaka yake akaongezea kwa mwiko na sufuria. Wa kwanza kuingia hakuwa yeye, alikuwa mwanasesere wake. Wa pili nilikuwa mimi, na kitambi changu kikakwama, jambo lililosaidia kuliko maelezo yangu yote. Tulianza na kuhesabu mpaka ishirini. Siku ya nne alikaa dakika sita. Wiki ilipoisha alikuwa anatutoa kasoro: "Mjomba, hiyo kelele siyo, ile nyingine."

Kelele hizo nazo zinaelezeka. Ndani ya sumaku kuna nyaya ambazo umeme wake unawashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, na kila unapowashwa nyaya zinasukumwa na kutetemeka. Zinaweza kupita desibeli 100, ndiyo maana masikio lazima yazibwe, ya mtoto na ya anayemsindikiza. Mtu mzima akiambiwa "kuna kelele kidogo" anatarajia feni. Mwambie mtoto wa Dar ukweli kwa lugha yake: mara itakuwa kama mafundi wa mabati wa Gerezani, mara kama mashine ya kuranda mbao kule Keko, mara honi ya lori iliyokwama. Zikinyamaza katikati, unaruhusiwa kumeza mate, kukohoa, kujikuna mguu, ila kichwa kibaki. Mkononi una mpira, ukiubonyeza, wanakuja. Huo mpira ni muhimu kuliko katuni yoyote. Ni mara ya kwanza hospitalini mtoto anapewa kitu cha kuwaamrisha wakubwa.

Na sikilizeni maswali yao. Tulijiandaa kwa "itauma?" na "mama atakuwepo?" Mpwa wangu aliuliza, "Umeme ukikatika nikiwa ndani je?" Ni swali la mtoto aliyekulia Mbagala, na ni swali zuri. Ilibidi nikaulize. Jibu ni kwamba bomba liko wazi mbele na nyuma, kitanda kinaweza kuvutwa nje kwa mkono, na sumaku yenyewe haijali umeme umekatika au la, kwa kuwa nyaya zake zinakaa ndani ya heliamu ya kimiminika kwenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ambako mkondo ukishaingia unazunguka wenyewe. Nilimwambia mpaka hapo pa kitanda kuvutwa kwa mkono. Akaridhika.

Lakini hilo la sumaku kutozimika linatuleta kwenye jambo ambalo wakubwa ndio wanaohitaji kuandaliwa. Chumba kikiwa kimya, sumaku iko kazini. Julai 2001, karibu na jiji la New York, mtoto wa miaka sita aliyekuwa amelazwa kwa dawa ndani ya MRI aliuawa na mtungi wa oksijeni wa chuma ulioletwa chumbani wakati wa kumsaidia, sumaku iliurusha. Kwetu, orodha ya vyuma vya mtoto haiko kwenye fomu za kunakili kutoka nje. Kuna hereni alizotobolewa akiwa mchanga ambazo hazijatoka tangu siku hiyo. Kuna pini iliyoshikia kanga ya mama. Kuna shanga za kiunoni zenye kibanio. Kuna sarafu ya shilingi 200 ya kununulia ubuyu. Na kuna hirizi, ambayo ndani ya ngozi yake inaweza kuwa na kibati au sindano, na ambayo mama aliyesoma hatataka kuitaja mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Ukimuuliza "ana chuma chochote?" atasema hana. Nesi wetu alikuwa na namna yake: "Kuna kitu bibi alimvisha tusije tukakipoteza? Nipe nikutunzie." Hapo hirizi inatoka bila mtu kuaibika.

Ukitaja haya kwa mtu wa hospitali, atakutajia Marekani. Kuna kisa maarufu cha Doug Dietz, mbunifu wa mashine za General Electric, aliyekwenda hospitali kuiona MRI aliyoibuni, akamkuta mtoto wa kike anaingia analia. Alirudi akashirikiana na wataalamu wa watoto, vyumba vikapakwa rangi na kugeuzwa kuwa meli ya maharamia, safari ya angani na mengineyo, na mtoto akapewa hadithi ya kuigiza tangu mlangoni. Ni kazi nzuri. Ila nimeona hapa kwetu tukiokota rangi na kuacha hadithi. Tunabandika samaki ukutani, tunapiga picha ya ufunguzi, na mtoto anaendelea kushikwa mikono chini ya samaki hao. Kilichomtuliza yule wa Marekani ni kuwa na kazi ya kufanya humo ndani. Wa kwetu anaweza kuwa abiria wa pantoni la Kigamboni: mlango wa chuma unafungwa, linanguruma, linatetemeka, hakuna kusimama hadi lifike ng'ambo. Rangi haihitajiki hata kopo moja.

Si kila mtoto, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Mchanga wa chini ya miezi mitatu hivi hana haja ya hadithi wala dawa mara nyingi: ananyonyeshwa akashiba, anafungwa vizuri kwenye shuka kama alivyozoea, masikio yanazibwa, anasinzia, anaingizwa. Mama zetu wa pwani wanajua kumfunga mtoto kuliko kitabu chochote. Wanachohitaji ni kupewa nusu saa na chumba chenye utulivu badala ya kuitwa "haraka, zamu yako". Wagumu ni wale wa kati, kuanzia anayetambaa hadi wa miaka mitatu, minne. Huyo haelewi bado mchezo na hafungiki tena kwenye shuka. Baadhi yao hulala wenyewe kipimo kikipangwa saa yao ya usingizi, wengi watahitaji dawa. Mtoto mwenye usonji ambaye honi ya bajaji tu inamliza kwa saa nzima, au mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli inajivuta bila ridhaa yake, hawa tusiwafanyie majaribio ya ushujaa. Wapewe dawa na watu wanaoijua. Ndiyo sababu nyingine ya kutowajazia foleni ya usingizi watoto ambao wangeweza kuingia macho.

Najua jibu litakalokuja: hatuna wafanyakazi, benchi limejaa, nani ana muda wa kucheza na mtoto? Kijana yule mwenye foleni ya watu tisa alikuwa sahihi kwamba hana nusu saa. Ila tuhesabu pamoja. Mpwa wangu alikitumia chumba kile dakika 25 bila picha hata moja. Angeandaliwa wapi basi? Nyumbani, katika zile siku kati ya daktari kuandika kipimo na tarehe yenyewe, ambazo sasa hivi zinapita bure. Kinachotakiwa ni karatasi moja ya Kiswahili, au bora zaidi sauti ya WhatsApp ya dakika tatu: mwambie mtoto ukweli, hivi ndivyo chumba kilivyo, hizi ndizo kelele, chezeni hivi, vueni hivi, njooni na shuka kwa sababu chumba kina baridi. Sauti hiyo irekodiwe mara moja na mtu wa hapo hapo, kwenye mashine ya hapo hapo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wanaofanya mazoezi kwenye mashine ya mfano huhitaji dawa ya usingizi kidogo kuliko wasiofanya, na mashine ya mfano, kama tulivyoona, inaweza kuwa uvungu.

Jambo la pili halina gharama pia, ila lina ugomvi: ratiba. Watoto wapangiwe saa za kwanza asubuhi, kabla benchi halijawachosha, na waliopangwa wapewe saa, siyo "njoo asubuhi". Najua wakubwa watanung'unika. Wanune.

Tulirudi siku ileile ya tarehe ya usingizi, mtoto akiwa amefunga, na dada akaomba ajaribiwe macho kwanza. Daktari wa usingizi ndiye aliyekubali upesi kuliko wote, akasema akifaulu yeye anarudi kwenye upasuaji wake. Mtoto alihoji kama mpira wa kubonyeza unafanya kazi, akaubonyeza mara mbili kuhakikisha, akalala. Dada alivua pini, bangili na hereni, akakaa pembeni ya miguu yake akamshika kidole gumba. Seti tatu zilitoka safi. Ya nne mtoto alikuwa amesinzia kwelikweli, kelele mpya ilipoanza akashtuka, ikarudiwa. Dakika 41 jumla.

Nje aliuliza mambo mawili: mdudu ameonekana? Na viatu vinanunuliwa lini? La kwanza daktari alimjibu mwenyewe, akamgeuzia kioo cha kompyuta akamwonyesha ubongo wake mwenyewe, hauna mdudu. La pili lilimalizwa Kariakoo jioni hiyohiyo. Kipimo cha kuangalia maendeleo kimepangwa mwakani, naye ameshatoa sharti: mjomba aingie pia, na safari hii avue mkanda bila kuambiwa mara tatu.